Mtafiti Akibisha Hodi

Ndugu zangu wa Garissa, Wajir na Mandera, pamoja nanyi mliokuja kusoma au kufanya kazi katika pembe hii ya Kenya, siku moja mtu atabisha hodi kwako. Huenda akawa binti wa Chuo Kikuu cha Garissa mwenye daftari mkononi. Huenda akawa kijana kutoka Nairobi mwenye tableti, au profesa aliyevuka bahari. Atasema anafanya utafiti. Anataka kujua watoto wetu wanajifunzaje sayansi, wasichana wanaionaje fizikia, na simu na kompyuta zinatumikaje shuleni.

Utampokea, sina shaka. Kwetu mgeni hupewa chai kabla ya kuulizwa amefuata nini.

Lakini akishakunywa chai, utakaa naye kama nani? Kama mtu wa kujibu maswali tu, au kama mwenye nyumba aliye na neno juu ya maswali yenyewe?

Ninawaandikia kuwaomba tukae kama wenye nyumba. Utafiti juu ya elimu ya sayansi na teknolojia ni jambo jema na tunauhitaji sana. Tutaufaidi zaidi tukiufanya pamoja na wanaokuja, tangu swali la kwanza hadi jibu la mwisho.

Mnazikumbuka mvua za mwisho wa mwaka 2006? Zilinyesha kupita kiasi. Maji yalituama, mbu wakajaa, kisha kondoo na mbuzi wakaanza kutupa mimba. Wengine walitokwa na damu puani. Ilikuwa Homa ya Bonde la Ufa. Garissa ilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza kuguswa, na kabla ugonjwa haujatulia mwaka 2007, zaidi ya watu 150 walikuwa wamefariki nchini. Masoko ya mifugo yalifungwa, na kila aliyetegemea kuuza mnyama ili alipe karo anajua uzito wa miezi ile.

Baadaye watafiti, wakiwemo wa taasisi ya utafiti wa mifugo ya ILRI, walirudi kuuliza mambo yalikwendaje. Hawakuishia kwenye majalada ya ofisi za mifugo na hospitali. Waliketi na wafugaji wa Kisomali, wakawaomba wapange matukio kwa mfululizo wake: mvua ilianza lini, mbu walijaa lini, mnyama wa kwanza aliugua lini, mtu wa kwanza je?

Wafugaji walieleza bila kubabaika. Ugonjwa wenyewe walikuwa na jina lake, sandik, na dalili zake walizijua. Kutoka mvua kubwa hadi mbu kujaa zilipita wiki tatu na kidogo. Kisha wiki mbili hivi na siku chache, mifugo ikaanza kuugua. Matokeo yalipochapishwa mwaka 2010, watafiti walisema wazi kwamba katika baadhi ya sehemu wafugaji waliuona ugonjwa kabla ya mifumo rasmi ya afya na mifugo kuutambua.

Hebu tufikirie jambo hilo. Mzee aliyetazama mvua, akailinganisha na ile ya mwaka 1997, akawaangalia mbu, akakumbuka kilichofuata safari ile, kisha akawaonya wanawe, alikuwa anafanya nini? Alitazama, alilinganisha, alikadiria, na siku zikathibitisha makadirio yake. Mwalimu wa sayansi anawafundisha watoto wetu hatua hizohizo darasani.

Je, mjukuu wa mzee huyo analijua hilo? Au anasoma habari za mbu na virusi kitabuni akidhani sayansi ni kitu cha watu wengine, wa mahali pengine?

Mimi naamini hapo ndipo penye kazi yetu kubwa. Mtoto anayeona kwamba nyumbani kwao watu hufikiri kisayansi haiogopi maabara. Mtafiti wa elimu anayelijua hilo huja na maswali mengine. Hataishia kuuliza watoto hawa wamekosa nini. Atauliza pia wamekuja na nini darasani, na mwalimu akitumieje.

Hata Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 11, inaitaka serikali itambue nafasi ya sayansi na ya teknolojia asilia katika maendeleo ya taifa. Vitu hivyo viwili vimewekwa pamoja katika sentensi moja. Mwaka 2016 ikapitishwa sheria ya kulinda maarifa ya jadi. Kwa hiyo mama anayejua ni mti gani wa kufukizia kibuyu ili maziwa ya ngamia yakae siku nyingi bila kuharibika ana kitu chenye thamani mbele ya sheria. Akiulizwa habari zake, na atoe kwa moyo mweupe, lakini aulize pia: maelezo haya yanakwenda wapi, na watoto wangu watayasoma wapi?

Wajir nayo ina la kuwaambia walimwengu. Katika miaka ya 1970, Annalena Tonelli, Mwitaliano aliyeishi kwetu na kutumikia watu wetu, alikabiliwa na swali gumu: mgonjwa wa kifua kikuu anayehama na mifugo atamalizaje dawa za miezi mingi? Jibu lilipatikana kwa kufuata maisha ya watu wenyewe. Wagonjwa walijenga manyatta zao karibu na kituo, wakaishi humo kwa desturi zao, wakimeza dawa mbele ya mhudumu mpaka wapone. Njia iliyojaribiwa Wajir ilikuja kuwa miongoni mwa mifano iliyoongoza tiba ya kifua kikuu duniani.

Tukiweza kulitengeneza jambo la dawa kwa kufuata mwendo wa mfugaji, tutashindwa kwa somo la sayansi?

Na kama unatafuta mfano ulio karibu zaidi, nenda Ijara. Hirola, swala wa kwetu asiyepatikana porini popote ila huku kwetu, na Tsavo alikopelekwa zamani, alikuwa kwa maelfu katika miaka ya 1970. Leo hawafiki mia sita. Mwaka 1996 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori lilipanga kuwahamishia Tsavo ili waokolewe. Wakazi wa Garissa wakaenda Mahakama Kuu kuomba mnyama wao abaki kwao, na mahakama ikawasikiliza. Pande zote mbili zilimpenda mnyama yule. Kilichokuwa kimepungua ni kikao cha mapema.

Baadaye jamii ilianzisha hifadhi yake ya Ishaqbini, na mwaka 2012 hirola 48 wakawekwa ndani ya eneo lenye uzio, wakaongezeka. Mtoto wa Garissa, Dakta Abdullahi Hussein Ali, akaenda kusomea mambo haya hadi shahada ya uzamifu, akarudi. Yeye na wenzake walichunguza namna miti ilivyofunika mbuga zilizokuwa za nyasi. Kisha wakawauliza wafugaji ni njia zipi za kurudisha nyasi wanazoweza kuzikubali, na zipi hawaziwezi. Yapo waliyoyakubali, kama kupanda nyasi na kuwatunza ndovu wanaopunguza miti. Yapo waliyoyakataa, kama kupunguza mifugo. Yote mawili yaliandikwa kama matokeo. Mwaka 2020 kazi yake ilimpa tuzo ya uhifadhi ya Whitley.

Nawaomba walimu wa Masalani, Hulugho, Bura na kwingineko muwasimulie wanafunzi habari hizi. Mtoto akijua kwamba bingwa wa hirola alikulia kwenye jua hilihili, atajipima kwa kipimo kingine.

Sasa turudi shuleni, maana huko ndiko mzigo uliko.

Eneo letu lilichelewa kufikiwa, na hilo ninalitaja ili tujue tunaanzia wapi, si kumnyoshea mtu kidole. Mradi wa SMASSE wa kuinua hisabati na sayansi katika shule za upili ulipoanza mwaka 1998 kwa ushirikiano na Wajapani, ulijaribiwa katika wilaya 9. Hakuna hata moja iliyokuwa ya Kaskazini Mashariki. Mradi ulikuja kuenea nchi nzima, na wengi wetu tumefundishwa na walimu walionufaika nao. Lakini masomo ya mwanzo, yale yaliyoonyesha nini kinafaa darasani, yalitoka kwenye madarasa yenye mvua na barabara tofauti na yetu.

Kisha tukapita katika miaka ya huzuni. Watu 148 waliouawa Chuo Kikuu cha Garissa tarehe 2 Aprili 2015, wengi wao wanafunzi, tunawaombea hadi leo. Walimu wengi waliotoka kaunti nyingine waliondoka baada ya mashambulizi, na mwaka 2020 wakaondoka tena. Shule nyingi zilibaki bila mwalimu wa kemia, wa fizikia, wa hisabati. Vijana waliomaliza kidato cha nne wakasimama mbele ya darasa kusaidia wadogo zao. Mungu awalipe kheri.

Chuo chetu kilifunguliwa tena Januari 2016, na mwaka 2017 kikapewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili. Leo, mtu akitaka kuchunguza elimu ya sayansi Kaskazini Mashariki, nyumba ya kufanyia kazi hiyo ipo hapahapa. Tunaitumiaje?

Dadaab imetuonyesha kwamba inawezekana. Kuanzia mwaka 2013, chini ya mpango wa BHER, vyuo vikuu vya Kenyatta na Moi pamoja na York na British Columbia vya Kanada vilipeleka masomo ya chuo kikuu hadi kwenye kambi. Waliosoma walikuwa wakimbizi na wenyeji pamoja, wengi wao walimu waliokuwa tayari wanafundisha Ifo, Dagahaley na Hagadera. Waliendelea kufundisha huku wakisoma, na baadhi wakafika hadi uzamili. Mwalimu wa aina hiyo anajua kwa nini binti wa darasa la saba hakuja Jumatatu. Akishika kalamu ya utafiti, ataandika swali ambalo mgeni asingelifikiria.

Basi kila mmoja wetu afanye nini?

Tuanze nyumbani. Mama, baba, mtoto akirudi kutoka shuleni, muulize: leo mmechunguza nini? Mtaala wa umilisi unataka mzazi ashiriki katika masomo, na huhitaji kujua kusoma ili ushiriki. Mwache mtoto akate chupa ya plastiki, aiweke uani, apime mvua za gu na deyr, yaani masika na vuli, kwa rula na kuandika tarehe. Anayeishi karibu na Tana, aweke alama ukingoni aone mto unavyopanda na kushuka. Mafuriko ya Novemba 2023 yalipokata barabara pale Madogo, sote tulitamani kujua mapema. Daftari la mtoto mmoja halizuii mafuriko, lakini madaftari ya shule ishirini kwa miaka mitano ni hazina ambayo mtafiti yeyote angeomba kuiona.

Mzee wa kijiji, chifu, mwanachama wa bodi ya shule, ninyi ndio mlango. Mtafiti akifika, mwombe kwa upole leseni ya NACOSTI, ile tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu. Kila utafiti hapa nchini unapaswa kuwa nayo, na masharti yake yanamtaka mtafiti aijulishe kaunti kabla ya kuanza. Kuomba karatasi hiyo si kumvunjia mgeni heshima. Mtafiti mwema huitoa kabla hujaomba, na hufurahi kuona yuko mahali panapojua taratibu.

Ukishaiona leseni, muulize hili, ambalo kwangu ndilo kubwa: majibu utatuletea lini, na kwa lugha gani? Ripoti ya Kiingereza kwenye rafu ya chuo ina kazi yake. Lakini mzazi wa Wajir Kusini aliyetoa saa mbili zake anastahili kusikia alichosaidia kugundua. Asikie kwa Kisomali au Kiswahili, barazani au kwenye redio tunazosikiliza jioni. Liandikwe katika kitabu cha wageni cha shule: jina, swali la utafiti, tarehe iliyoahidiwa ya kurudi. Kitabu kipo tayari. Ni kuongeza mstari.

Mzazi, jambo la mtoto wako lina sheria yake. Tangu mwaka 2019 tuna Sheria ya Kulinda Data, na habari za mtoto hazichukuliwi bila ridhaa ya mzazi au mlezi. Picha, sauti, alama za mtihani, vyote hivyo ni habari zake. Unaweza kukubali, unaweza kukataa, na unaweza kukubali leo ukabadili nia kesho. Hutaadhibiwa, wala mtoto hatapoteza nafasi yake darasani.

Hata wenzetu wa mbali wamelifikiria hili. Wasan wa Afrika Kusini, waliochunguzwa na wageni kwa miaka mingi, walitoa maadili yao ya utafiti mwaka 2017: heshima, ukweli, haki, kujali, na kufuata utaratibu waliouweka wenyewe. Tunashindwa nini kukaa chini na kuandika ya kwetu? Wazee, walimu, wanawake na vijana wa kaunti zetu tatu wakikutana na wanasheria wetu wawili au watatu, kurasa mbili zingetosha.

Lakini tukidai haki kwa wageni, tujiangalie nasi tulivyoketi. Kwenye baraza la utafiti, nani huongea? Mara nyingi ni mwanamume anayejua Kiswahili vizuri, anayeishi karibu na lami. Mama mwenye mabinti wanne yuko nyuma. Mmunyoyaya wa kando ya mto, Mwaweri wa msitu wa Ijara, mkimbizi, mtoto kiziwi, kijana aliyeachishwa shule kwenda machungani, hao wako wapi? Nao wana watoto wa kusoma sayansi. Mwenye kiti cha mbele na asogee kidogo, aseme: kabla sijajibu, muulizeni na yule.

Malim wa duksi, unayewafundisha watoto Qurani, nawe ni mshirika katika hili. Watoto wetu huanza kwako. Unajua nani ana kumbukumbu kali na nani hahudhurii kwa sababu ya maji. Ukikaa na mwalimu wa sayansi saa moja kwa mwezi mkapanga ratiba zisigongane, mtoto atanufaika pande zote mbili. Na mtafiti wa elimu asiyefika duksi ameona nusu ya siku ya mtoto.

Ninyi mafundi na wahandisi, tunawahitaji pia. Nje ya mji wa Garissa kuna kituo cha umeme wa jua cha megawati 50, kilichozinduliwa Desemba 2019. Fizikia wanayoisoma watoto darasani imetandazwa pale juani. Chuo chetu cha taifa cha ufundi, North Eastern National Polytechnic, nacho kipo mjini. Mnaweza kuwakaribisha wanafunzi asubuhi moja kila muhula? Mmoja wenu anaweza kwenda shule yake ya zamani na paneli ndogo, waya na mita, akawaacha watoto washike wenyewe?

Na ninyi watafiti, wageni na wa nyumbani, karibuni sana. Ninajua muda wenu ni mfupi, na fedha za safari hazitoshi hata kufika Elwak na kurudi. Ninawaomba mambo machache. Njooni kabla ya kuandika swali, hata kama ni kwa simu ya nusu saa na mwalimu mkuu. Mkalimani wenu awe mtu wa hapa, mumlipe sawasawa, na mumtaje kwenye kazi yenu. Mwalimu aliyekusanya takwimu pamoja nanyi awe mwandishi mwenzenu. Msije wakati wa kiangazi kikali mkauliza kwa nini watoto hawapo, kabla hamjauliza mifugo imekwenda wapi.

Jambo hili lina haraka kwa sababu mwaka 2026 uliwekwa kuwa mwaka wa kundi la kwanza la mtaala wa umilisi kuingia Gredi ya 10 katika Sekondari Pevu. Vijana wa miaka kumi na mitano wanatakiwa kuchagua mkondo, na mmojawapo ni wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. Shule isiyo na maabara wala mwalimu wa fizikia itampa binti wa Banissa chaguo gani? Hayo ndiyo maswali ambayo utafiti mzuri, tuliouomba sisi, ungetusaidia kuyapeleka mbele ya wanaopanga bajeti.

Kwa hiyo katika mkutano wa wazazi wa muhula ujao, ongezeni ajenda moja. Mwenyekiti aulize: katika masomo ya sayansi ya watoto wetu, ni jambo gani moja tungependa lichunguzwe? Waacheni akina mama waanze. Mkikubaliana, liandikwe kwenye karatasi moja, lipigwe muhuri wa shule. Nakala moja iende Chuo Kikuu cha Garissa, nyingine kwa mkurugenzi wa elimu wa kaunti, ya tatu ibaki ofisini ikimsubiri mtafiti atakayebisha hodi. Na kama hakuna mtu mzima mwenye nafasi ya kuiandika barua hiyo, mpeni kalamu mwanafunzi, kisha mwombeni aisome kwa sauti kabla hamjaweka sahihi.